Nimehakikisha, Ni Tasa

Wewe ukimsikia mwanamke anaongea na simu, mlango ameurudishia, sauti ameishusha, kisha anasema, "Nimehakikisha, ni tasa," utaelewa nini? Sema kweli, usinizunguke.

Basi na mama mkwe wa shangazi yangu, ambaye mimi namwita Bibi, alielewa hivyo hivyo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha korido, mguu wenye goti bovu ameunyoosha mbele, anakunja mashuka yaliyotoka kwenye kamba. Mimi nilikuwa sebuleni nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu wa sekondari. Sauti ya shangazi ilitufikia vipandevipande kutoka chumba chake cha kazi.

"Nimejaribu njia zote ninazozijua... Ndiyo, ni tasa, hakuna ubishi... Hapana, hapa sijamwambia mtu. Nikishafika huko ndiyo nitaweka kila kitu wazi. Na wewe funga mdomo, tafadhali."

Shuka likabaki hewani, pembe mbili mikononi mwa Bibi, pembe mbili sakafuni. Bibi akanitazama. Mimi nikamtabasamia, maana nilijua shangazi anaongelea nini na nilikuwa nimefurahi kwa niaba yake. Sasa fikiria tabasamu lile lilivyoonekana kwa mama mzazi wa mume.

Shangazi yangu ni mtaalamu wa hisabati. Tawi lake ni nadharia ya namba, yaani anashughulika na namba zile zile ulizofundishwa kuzihesabu kwa vidole, ila yeye anaziuliza maswali ambayo vidole haviwezi kuyajibu. Namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, kama saba au kumi na tatu, lugha yetu inaiita namba tasa. Aliyeipa jina hilo sijui alikuwa amegombana na nani. Sita imetokana na mbili na tatu. Thelathini imetokana na mbili, tatu na tano. Kila namba nyingine unayoijua imepatikana kwa kuzizidisha hizo tasa. Kama kuna namba zenye uzao, ndizo hizo, na ndizo tukaziita tasa! Lakini ndivyo tulivyo. Kitu tukishakibandika jina, hatukiangalii tena usoni.

Baba yangu, ambaye ni kaka yake, ndiye aliyenisimulia shangazi alivyoanza. Babu yetu alikuwa fundi wa vigae. Vilivyobaki kazini alirudi navyo nyumbani, vya rangi mchanganyiko, na shangazi akiwa mtoto mdogo alivipanga uani. Alikuwa na mchezo mmoja tu, kupanga mstatili. Vigae kumi na viwili vilimtii: vitatu kwa vinne, au viwili kwa sita. Kumi na vitatu vikagoma. Akavipanga tena, vikagoma tena. Vilikubali mstari mmoja mrefu tu kama foleni ya zahanati. Akavihesabu upya, kisha akamgeukia kaka yake.

"Umeficha kimoja."

"Mimi? Nakifanyia nini?"

Akampekua mifuko, akamvua hata viatu. Babu alipowakuta wanakabana alicheka. "Mama, kuna idadi hazipangiki. Mteja akikuletea idadi hiyo, unakata kigae kimoja, maisha yanaendelea." Shangazi hakutaka kukata kigae. Alitaka kujua kwa nini.

Ukitaka kumwelewa, anzia hapo. Yeye hushuku namba kwanza, halafu watu wanaokaa karibu nazo.

Shuleni walimwita Mbishi. Mwalimu akiandika kanuni ubaoni, yeye mkono juu.

"Mwalimu, tumejuaje?"

"Imo kitabuni."

"Na aliyeandika kitabu alijuaje?"

Mwalimu akamtoa nje akauulize upepo. Alisimama nje karibu kipindi kizima, na aliporudi alikuwa na jibu. Kusema haki, mwalimu yule alimpa chaki alieleze darasa zima, kisha akawa mtetezi wake mpaka alipoingia chuo kikuu. Huko alikuwa msichana pekee darasani, na wenzake walikuwa na mzaha wao waliouona mtamu sana: "Dada, hesabu hizi zitakuchakaza. Nenda kasomee mapishi, upate bwana." Akawapita wote. Akapelekwa ng'ambo kusoma zaidi.

Ng'ambo ndiko alikoumwa. Msimamizi wake alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, wa kumkaribisha chai na kumuuliza hali ya nyumbani. Shangazi akamwonyesha ubaoni hoja aliyoisotea karibu mwaka. Baada ya muda hoja ile ikatoka kwenye jarida, jina la msimamizi juu, na la shangazi chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za kutafutia miwani, akishukuriwa "kwa mazungumzo yenye manufaa." Hajawahi kupona maneno hayo. Hata leo ukimwambia mmekuwa na mazungumzo yenye manufaa, atakufungulia mlango utoke.

Alirudi nchini na shahada yake na tabia moja mpya: haachi kitu ubaoni. Ana kitambaa na ndoo ndogo ya maji, nyumbani na ofisini. Ukibisha hodi, utasikia kwanza maji, halafu "karibu". Mkuu wa idara yake, bwana mnene mchangamfu, alikuwa na mtindo wa kubisha na kuingia papo hapo.

"Dada, una chaki hapo?"

"Jana nilikupa boksi zima. Unazila?"

"Natafuna, dada. Nina mimba." Na huku macho yake yanasoma ubao.

Shangazi akafunga kitasa kwa ndani. Idarani wakaanza kunong'ona. Wengine walisema hana lolote analolifanya humo, anafuta ili asionekane mtupu. Wengine walisema anafanya kazi za watu wa nje kwa siri. Ndivyo wasomi wetu walivyo. Mwanamume akijifungia wanasema ana mawazo mazito. Mwanamke akijifungia wanauliza yuko na nani.

Mume wake ni mpima ardhi, na mtaani wanamwita hivyo hivyo, Mpima. Walikutana alipokuja idarani na hesabu za kiwanja ambacho kila akikipima, mipaka haikutani. Shangazi akaliona kosa kabla mgeni hajakaa. Mpima akakuna kichwa, akasema, "Basi mwalimu, mimi nitakuwa nakosea kila wiki." Akawa anakosea kila wiki mpaka wakaoana. Kwa hiyo msije mkadhani ni mtu mbaya tangu alipozaliwa. Mtoto hawakujaliwa. Walikwenda hospitali, wakapimwa wote wawili, madaktari wakasema hawaoni kasoro kwa yeyote, wakarudi nyumbani wakaendelea kuishi. Habari yenyewe imeishia hapo, na haimhusu mtu.

Mimi nilihamia kwao nilipopata kazi ya kufundisha mji huo. Tukiwa mezani shangazi alizoea kusahau chakula na kutuchorea namba tasa kwa mpini wa uma juu ya kitambaa cha meza. Mpima alicheka, akauliza maswali, tena maswali mazuri. Neno lile alilijua kama alivyojua jina lake.

Sasa, kazi kubwa ya shangazi ilikuwa hii. Kuna aina fulani ya namba tasa zinazokaa mbalimbali mno, na swali ni kama zinaendelea bila mwisho au kuna mahali zinakoma. Yeye alikuwa amepata uthibitisho kwamba haziishi. Ila uthibitisho wote ulisimama juu ya namba moja kubwa, ndefu ya kujaza ubao. Namba hiyo ikiwa tasa, jengo limesimama. Ikigawanyika, hata kwa kitu kimoja tu, jengo limeanguka na miaka yake yote imekwenda na maji ya ile ndoo. Siku ile ya simu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuihakikisha. Aliyekuwa anaongea naye ni mtu aliyesoma naye ng'ambo, anayefundisha huko sasa, mwenzetu wa lugha.

Na kulikuwa na haraka. Kundi jingine la wataalamu lilikuwa limetangaza kwamba limekaribia. Huko kwa mwenzake kulikuwa na mkutano wa wanahisabati, na shangazi alikuwa amepewa nafasi asimame ubaoni aulizwe maswali mpaka waridhike. Nikamuuliza kwa nini asitume tu karatasi.

"Karatasi ikifika kabla yangu," alisema, "jina langu litachelewa. Naijua safari hiyo, baba. Safari hii nakwenda na kichwa changu kikiwa juu ya shingo yangu."

Tangu ile simu nyumba ilibadilika. Bibi alikuwa amekuja kutibiwa goti, na kwa kawaida ni mtu wa maneno. Akikosa wa kumsema anaisema redio. Ghafla akawa kimya. Shangazi akiingia jikoni, yeye anatoka. Akitoka, yeye anaingia, anafungua kabati la dawa, anasoma chupa moja moja kwa kuzisogeza mbali na macho. Nilimkuta siku moja anainusa ndoo ya ubaoni.

"Bibi, unatafuta nini?"

"Kwani maji hayanuswi? Mtu mzima anaosha ukuta kila siku, mimi nisiulize anaosha nini?"

Binti yake naye, wifi wa shangazi, mwenye saluni, akaanza kupita kila jioni "kumwangalia mama goti". Goti lilikuwa mguuni, lakini yeye aliliangalia kwa kunong'ona sikioni. Nikitokea, mazungumzo yanageuka kuwa bei ya nywele za kusukia.

Kisha pasipoti ya shangazi ikapotea.

Ilikuwa kwenye droo ya kabati la chumbani, juu ya vyeti vyake, mahali inapokaa siku zote. Alhamisi alikwenda kuichukua aiweke mkobani, hakuna. Tuligeuza nyumba juu chini. Mpima aliinua magodoro, akavuta kabati, akaingiza mkono nyuma ya friji akatoka na utando wa buibui mpaka kwenye kiwiko.

"Umeikumbuka vizuri, mwalimu? Si uliipeleka ofisini?"

"Sikuipeleka popote."

"Maana wewe siku hizi kichwa chako kiko kwenye namba."

"Kichwa changu ndicho kinachoniambia ilikuwa hapa."

Ofisi ya uhamiaji ikamjibu kwamba mpya haiwezi kupatikana kabla ya wiki kadhaa. Ndege ilikuwa Jumatatu.

Nikaanza kushuku kila mwenye mikono. Nilimshuku Wifi, kwa kuwa pochi yake ni kubwa na hakuiachia hata alipokwenda msalani. Nilimshuku Bibi, kwa kuwa aliacha kunitazama machoni. Nilimshuku hata mkuu wa idara, aliyekuwa amepita kumtakia shangazi safari njema, akaomba maji ya kunywa, na mimi nikaenda kuyaleta nikamwacha peke yake na korido. Nililala naye akilini, nikaamka naye. Mpima sikumshuku. Nani amshuku mtu aliyetoka nyuma ya friji na buibui?

Jumapili mchana waliita kikao. Shangazi alidhani ni habari za goti. Tulikaa sebuleni: Bibi kwenye kiti chenye mto, Wifi pembeni yake, Mpima karibu na dirisha, shangazi mbele yao na chaki bado kwenye kucha, mimi mlangoni. Mezani kulikuwa na chai na sahani ya biskuti.

"Wifi yangu," alianza mwenye saluni, "tumekuja kwa wema."

"Wema huo mbona umeikumbatia pochi hivyo?"

"Ona sasa! Hatujaanza ananirushia mawe!"

"Nyamazeni," akasema Bibi. "Mimi sizunguki. Mkwe wangu, nilikusikia kwa masikio yangu haya mawili. Ulimwambia mtu kwenye simu umehakikisha wewe ni tasa. Ukamwambia afunge mdomo. Ukasema huku hujamwambia mtu, ukifika huko ndiyo utasema yote. Huko ni wapi? Kama ni matibabu, sema tukuombee. Kama ni mwanamume, sema tujue moja. Lakini mwanangu huyu usimweke kwenye matumaini hewa huku mwenyewe unajua."

Nilimwona shangazi akielewa. Kilianza kicheko, nikakiona kinapanda, kisha kikafia njiani. Alimtazama mume wake. Mpima alikuwa anakoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

"Mama," shangazi akasema taratibu, "swali hilo sitalijibu."

"Hulijibu?"

"Nikikuambia sikuwa najisema mimi, nitakuwa nimekubali kwamba kama ningekuwa mimi, ingekuwa aibu ya kuitiwa kikao. Sikubali. Niulize kingine."

Neno moja lingemtoa pale, naye akakataa kulitumia. Mimi sina ubavu huo. Damu yangu inachemka haraka. Nikaruka kutoka mlangoni.

"Bibi, ni namba! Alikuwa anasema namba ni tasa!"

"Namba ya nani?" akauliza Wifi.

"Si ya mtu. Namba tu."

"Namba ya simu? Yaani ukipiga haipatikani?"

"Wifi, sikiliza..." Nikachukua biskuti, nikaacha saba kwenye sahani. "Wagawie watu hizi sawasawa, pasibaki hata moja, na usivunje."

Akajaribu kwa watu wawili, ikabaki moja. Kwa watatu, ikabaki moja. Kwa wanne, akaanza kunitukana. "Hizi labda azile mtu mmoja zote, au waje watu saba!"

"Basi ndiyo hivyo. Saba ni namba tasa. Shangazi ana namba yake kama hiyo, ila ni ndefu kuliko ukuta huu, na ndiyo aliyokuwa anaihakikisha."

Wifi akaitazama sahani. "Saba," akasema kwa huzuni, "pole mama. Umezunguka na nani mpaka wamekusema hivi?" Halafu kicheko kikamshika, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka na pochi ikamtoka mikononi, ikafunguka: chanuo, vibanio, mafuta ya nywele. Pasipoti haikuwemo. Hata shangazi alicheka. Mimi nilicheka kwa ushindi.

Bibi hakucheka. Alikuwa amemgeukia mwanawe.

"Wewe neno hili ulikuwa unalijua?"

"Mama, hesabu ni jambo refu..."

"Sijakuuliza urefu wake. Ulilijua?"

"Nililisikia sikia."

"Nilikuja kwako siku ile ile, nikakuambia nilichosikia, neno kwa neno, mpaka machozi yakanitoka. Ukanijibu nini?"

Mpima akakoroga chai.

"Alinijibu hivi," Bibi akatuambia sisi, na sauti yake ikawa ndogo. "Alisema, 'Mama, mwanamke ana siri zake. Na hiyo safari yake wala siielewi.' Nikaondoka nimeubeba moyo kama jiwe. Kumbe mwenzangu anajua ni namba."

Kicheko cha Wifi kikakatika. Shangazi akaweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeogopa kuiamsha meza.

"Mpima. Ulimwacha mama aamini hivyo?"

"Mnanihoji kama mwizi nyumbani kwangu?"

"Hakuna aliyetaja mwizi," akasema Bibi. Kisha kwa shangazi: "Hiyo safari ni ya nini hasa, mwanangu? Niambie kama unavyomwambia mtoto."

Shangazi akamweleza: habari za ng'ambo, chai ya msimamizi, hoja iliyochukuliwa, shukrani za herufi ndogo. Bibi hakuelewa hoja yenyewe, lakini kunyang'anywa alikuelewa mara moja.

"Ndiyo maana unaosha ubao."

"Ndiyo maana, mama."

"Na ukikosa kwenda kesho?"

"Watatangulia wale wengine. Mimi nitashukuriwa tena."

"Basi nenda."

"Pasipoti haionekani, mama. Tangu Alhamisi."

"Alhamisi," akasema Bibi, na macho yakamrudia mwanawe. "Ahaa." Akaomba aletewe fimbo yake, akaenda kulala.

Jioni, kabla giza halijaingia, nilimkuta Mpima nyuma ya nyumba akikwangua tope kwenye buti zake za kazini. Vyombo vyake viko kwenye kibanda hapo: miguu mitatu ya kusimamishia kifaa cha kupimia, vigingi, kamba, mabomba ya plastiki anamoviringisha ramani. Nilisimama mbele yake.

"Mzee, pasipoti iko wapi?"

"Unaniuliza wewe kama nani?"

"Kama mtu wa nyumba hii."

"Basi mtu wa nyumba hii achunge mdomo. Nyumba ina mlango." Akaendelea kukwangua, kisha mwenyewe akaanza tena, bila kuinua kichwa. "Unajua huyo anayeongea naye kwenye simu ni mwanamume?"

"Najua. Ana mke na watoto. Walisoma pamoja."

"Wanaongea saa nzima. Anacheka. Mimi akiongea nami hachekelei hivyo." Akalipiga buti ukutani, tope likaruka. "Sawa, tuseme ni namba tu. Akienda, jambo lake likakubalika, unadhani vyuo vya huko vitamwachia arudi? Arudi kwenye nini? Kwenye chaki za kuibiwa na mkuu wa idara? Kwenye mimi?"

"Si ungemuuliza?"

"Wewe kijana umesoma vitabu. Hujaoa."

Nilimhurumia, nasema ukweli, lakini huruma haikuniondolea shaka hata chembe. Na hasira yangu kubwa ilikuwa hapa: mama yake hakujua neno, akaogopa, akauliza waziwazi mbele ya watu. Yeye alilijua neno, akalificha kwa mama yake mzazi ili woga wa mama ufanye kazi ambayo yeye aliona haya kuifanya. Nilienda kwa shangazi nikamwambia ninavyodhani. Alikuwa anafuta ubao.

"Unao uthibitisho?" akauliza.

"Sina. Lakini inaonekana wazi, shangazi!"

"Inaonekana wazi si uthibitisho." Akakamua kitambaa, akakitandaza ukingoni mwa ndoo. "Nimempigia dereva wa teksi asije. Nenda kalale, baba."

Asubuhi yake niliamshwa na honi. Nikatoka na shati mkononi. Teksi ilikuwa getini, mlango wa nyuma uko wazi, na dereva anabishana na mtu asiyeonekana: "Lakini mama, jana nimeambiwa nisije, halafu nikapigiwa tena nije, sasa nimsikilize nani?"

"Nisikilize mimi, nimekuzidi umri," ikajibu sauti ya Bibi kutoka nyuma ya nyumba.

Nikazunguka. Mlango wa kibanda cha Mpima ulikuwa umefunguliwa wote. Bibi amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mguu mbovu ameunyoosha, na kumzunguka ramani zimetandaa uani: viwanja vya watu, mito, barabara, mipaka ya wino mwekundu. Alikuwa anashika bomba moja moja, analipindua, analigonga chini kama mtu anayetoa unga uliogandama. Bomba la mwisho lilitoa ramani, na baada ya ramani kikadondoka kitabu kidogo chenye jalada la bluu.

Mpima alitokea mlango wa bafuni, taulo kiunoni, povu la kunyolea limemjaa shavu moja. Shangazi alikuwa ameshasimama kizingitini mwa jikoni. Bibi aliokota pasipoti, akaipangusa kwa pindo la nguo yake, akaifungua kuona picha, akamtazama shangazi, akaitazama tena picha, akaridhika.

"Mama, naomba nieleze," Mpima akasema.

"Utanieleza nikirudi. Nyoa kwanza huo upande wa pili."

Akanyanyuka kwa fimbo, akanipa ishara ya kichwa nikalete sanduku. Nikalileta mbio. Shangazi akanyoosha mkono apokee pasipoti, Bibi akaivuta nyuma.

"Hii nitakupa huko huko uwanjani, ukiwa mbele ya hao wanaogonga mihuri. Hapa simwamini mtu. Hata wewe. Utamtazama huyo na povu lake utamhurumia."

Akafungua mlango wa mbele wa teksi, akajiingiza goti likilalamika, akakaa kando ya dereva na pasipoti ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Shangazi alisimama kidogo. Alimtazama mume wake, aliyekuwa ametufuata mpaka kwenye kona ya nyumba, kama anavyoitazama namba asiyoijua bado. Kisha akaingia nyuma, akafunga mlango.

Gari likaondoka. Nilirudi nyuma ya nyumba nikamkuta Mpima amechuchumaa kwenye ramani zake, povu limemkauka shavuni, anaziviringisha moja baada ya nyingine, na upepo unazifungua tena.